Waziri wa Nishati wa Nyumba ya Mita Moja

Mwenye nyumba wangu wa kwanza hapa Babati alikuwa na maoni kuhusu kila nguzo ya umeme katika nchi hii, isipokuwa waya uliotoka sebuleni kwake kuja chumbani kwangu. Waya huo ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea gunia. Ulipita juu ya bati, ukauzunguka mparachichi, ukaingia kwangu kupitia pembe ya dirisha, na ukifika ulikuwa hauna nguvu hata ya kusalimia. Nilipomlalamikia alinijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Umeme unachoka, binti yangu. Unatoka kule kusini bwawani, unavuka mikoa yote hiyo mpaka Babati. Ukifika hapa unahema. Sasa wewe unataka uje mpaka chumba cha nyuma?"

Mama Neema, mpangaji wa chumba cha kati, aliyekuwa na friji ya kugandishia barafu za ukwaju, ndiye aliyempa jina la Waziri wa Nishati. Hatukumwita hivyo usoni. Usoni tulimwita Baba, tukampa shikamoo yake, naye akaipokea kwa marahaba ndefu yenye mkia, kisha akauliza kama kuna aliyeacha taa inawaka.

Nakiri mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Kuoka keki nilijifunza mwenyewe kwa video za kwenye simu, na kuandika nako nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma karatasi zilizofungiwa maandazi na vitabu vya kuazima visivyo na majalada. Aya ya kwanza hapo juu nimeiandika na kuifuta mpaka nikaichukia. Keki yangu ikiinama upande mmoja, hata kama anayeiona ni mimi peke yangu, usingizi haunijii. Kwa hiyo msomaji akiona namwonea mzee wa watu, ajue kwamba nilianza kwa kujipima mwenyewe na rula.

Nilichokitaka katika nyumba ile kilikuwa kitu kimoja: mita yangu. Nyumba nzima, yake na vyumba vyetu vitatu vya uani, ilitumia mita moja iliyokuwa imepigiliwa ukutani sebuleni kwake, juu ya kiti alichokalia. Sisi tulichangia, yeye akanunua, yeye akabonyeza namba, yeye akatangaza umebaki kiasi gani. Mtu anayeoka keki kwa oveni ya umeme hawezi kuishi hivyo. Shirika la umeme lilikuwa tayari kunifungia mita, lakini lilitaka ridhaa ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa na msimamo. "Nyumba moja, mita moja," alisema, kwa sauti ya mtu anayelinda mipaka ya taifa.

Hapo ndipo penye utamu wa habari zake, au uchungu, inategemea ulikuwa umeweka nini kwenye oveni. Hakuna kitu alichokichukia kama ukiritimba. Angeweza kuzungumza tangu chai mpaka makande ya mchana kuhusu ubaya wa kumwachia mtu mmoja kuzalisha umeme, kuusafirisha na kuuza. Alisema mteja asiye na pa kwenda si mteja, ni mfungwa anayelipia gereza lake. Alisema hayo akiwa ameketi chini ya mita yetu, jicho moja likiwa juu kwenye swichi kuu, na mchana wa siku hiyohiyo alitugongea mlango kutuambia pasi ni asubuhi tu, friji ya Mama Neema ipumzike saa za joto, na "kitu chochote chenye koili", yaani oveni yangu, kisubiri mpaka apate taarifa ya matumizi. Taarifa aliitoa yeye. Aliipokea yeye.

Hata hivyo hakuwa dikteta. Alitushirikisha. Kabla ya kubadilisha ratiba aliitisha kikao uani, akakitaja kuwa ni cha kukusanya maoni ya wadau. Tulikaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, yeye kwenye kiti chake. Kijana wa ofisini aliyepanga chumba cha mwanzo, mtu asiyezungumza isipokuwa kuhusu pasi, alitoa maoni kuhusu pasi. Mama Neema alisema barafu haijui ratiba. Mimi nilikuwa nimekariri maelezo yangu usiku kucha, nikayasema haraka mpaka nikakosa pumzi. Mzee alitikisa kichwa kwa kila mmoja, akashukuru kwa michango mizuri, akatusomea ratiba aliyokuwa amekuja nayo kichwani. Siku moja Mama Neema alimuuliza maoni yetu yameingia wapi. "Yamezingatiwa," alisema. Nimeshawahi kusikia neno hilo likitoka kwenye redio na halikuniuma. Likitoka kwa mtu aliyevaa kandambili, linauma.

Ningekuwa mkweli nusu kama nisingesema kwamba maoni yake mengine yalinivutia. Aliamini kila chanzo cha umeme kina tabia ya mtu. Maji alisema ni kama mkwe: yanakuheshimu mwaka wa mvua, mwaka wa ukame huyaoni. Gesi ilikuwa ya watu wa chini huko pwani, sisi wa juu tunaletewa hotuba zake. Upepo aliusifu sana, maana aliwahi kupita Singida na akaona kuku akitembea kinyumenyume. Jambo la kununua umeme kwa majirani wakati bwawa letu limejaa lilimkosesha raha kabisa. Wataalamu walieleza kwenye redio kwamba njia ya kutoka kusini ni ndefu na umeme mwingi unapotea njiani, na ukiuleta wa karibu unapata nafuu. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio.

"Hiyo ni sawa na kulima mahindi Dareda halafu kununua unga wa jirani kwa sababu gunia ni zito," alisema.

 Nimelitafuta jibu la maneno hayo tangu wakati huo, na ninachokipata kila mara ni kwamba wataalamu wana haki na yeye pia ana haki kidogo, na hali hiyo inanisumbua kuliko kama angekuwa mjinga tu. Mjinga ungemwandika kwa kurasa mbili ukalala.

Lakini baada ya kusema jambo kama hilo, hakuweza kunyamaza hapo akabaki na heshima yake. Aliendelea mpaka Ziwa Babati. Alikuwa na mpango wa ziwa. Viboko wote wale, alisema, wanakanyaga maji bure tangu dunia iumbwe, na hakuna serikali iliyowaza kuweka mtambo pale wanapopita. Tulicheka tukidhani ni mzaha. Hakuwa anatania. Aliupeleka mpango huo kwenye mkutano wa hadhara, ule ambao wakubwa wanakuja ukumbini kusikiliza wananchi kuhusu bei ya umeme. Alivaa koti lake la kijivu, akasimama, akasema ana swali lenye sehemu A, B na C. Viboko walikuwa C. Mwenye kuongoza mkutano alimshukuru, akamwambia maoni yake yatazingatiwa.

Alirudi nyumbani akakasirika siku nzima. "Wanakusikiliza kama mvua ya barabarani," alisema. "Wanasubiri ipite." Mama Neema alinitazama, mimi nikatazama chini. Kuna mambo ambayo ukiyaona wazi mno unaogopa kucheka.

Umeme wa jua aliudharau. Alisema jua ni la kuanikia mahindi, na nchi inayotegemea paneli ni sawa na mtu anayetegemea kuombewa. Juu ya bati lake, nyuma ya tangi la maji ambako alidhani hatuoni, alikuwa na paneli ndogo. Ilichaji betri ya redio yake, ili umeme ukikatika aweze kusikia kwa nini umekatika.

Wala sitaki kumfanya mzee wa mabaya peke yake. Oveni yangu ilipofika kutoka Arusha, juu ya keria ya basi, ni yeye aliyekwenda stendi kuibeba, akakataa bodaboda asiiguse, akaja nayo kwa mguu ameikumbatia kama mtoto, kisha akaipiga marufuku kabla sijaichomeka. Mama Neema alipolazwa, barafu zake zingeyeyuka na biashara ingekufa. Mzee akasimamisha ratiba ya nyumba nzima, friji ikanguruma mchana na usiku, na yeye mwenyewe, na koti lake, akawauzia watoto wa mtaa barafu pale getini. Kila mtoto alipewa barafu na somo fupi kuhusu namna friji inavyotoa joto. Watoto walinunua kwa muuzaji mwingine mpaka Mama Neema aliporudi, lakini nia ilikuwepo.

Kitu alichokipenda zaidi ya redio kilikuwa namba ya dharura ya shirika. Aliipiga kama watu wengine wanavyompigia shemeji. Aliwatambua wapokeaji kwa sauti zao, akajua nani ana mafua na nani amehamishwa. Hakujitambulisha kwa jina. "Naongea kama mdau wa nishati, Babati mjini," alisema, na nadhani upande wa pili walikuwa wakipeana simu.

Sasa nifike kwenye keki ya Mutuka, maana bila hiyo picha hii ingekuwa ya mzee mcheshi tu.

Ilikuwa keki ya harusi, ya ngazi tatu, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Familia ya bwana harusi ilikuwa ya wakulima wa Mutuka wenye jina, na mama mmoja wa kwao alikuwa ameniambia kwamba hii ikipendeza, harusi zote za upande ule ni zangu. Ngazi ya chini nilikuwa nimeshaioka siku iliyotangulia. Ikainama. Hakuna aliyeiona imeinama isipokuwa mimi. Niliigawa kwa nyumba nzima, mzee akala kipande kikubwa, na asubuhi ya harusi nikaoka nyingine. Ruhusa ya oveni nilikuwa nimeipata kwa kuomba tangu mwanzo wa wiki.

Keki ilikuwa imeanza kupanda ndipo radi ikapiga upande wa mlimani. Taa ya oveni ikazimika. Mvua ikashuka.

Mtu wa Babati umeme ukikatika wakati wa radi haulizi. Anavuta kiti. Nilikaa mbele ya kioo cha oveni nikiitazama keki ikipanda kidogo kwa mazoea, ikisita, kisha ikizama katikati polepole kama mtu anayekaa baada ya msiba. Mvua ilikatika, jua likatoka, umeme haukurudi. Mzee akatoka sebuleni akijinyoosha, uso una alama za mto, akaangalia taa ya barazani, akaingia kazini.

"Naongea kama mdau wa nishati, Babati mjini," nilimsikia. "Mvua imeshaisha. Ninyi hamna hata aibu?"

Mama Neema alikuwa ameshawasha mkaa. Aliniambia nichanganye unga mwingine, nisilie juu ya mayai. Tukapaka mafuta sufuria yake kubwa, tukamimina, tukafunika, tukapanga makaa juu ya mfuniko, kama mama zetu walivyooka kabla ya video. Mimi nilichochea makaa. Yeye alipepea, na akiwa anapepea akainua kichwa.

"Baba," alisema, "mbona mashine ya kusaga inanguruma pale?"

Na kweli, nyumba ya tatu kutoka kwetu mashine ilikuwa inasaga mahindi ya watu bila wasiwasi wowote.

Mzee aliweka mkono juu ya simu. "Wale wako fezi nyingine, Mama Neema. Mambo ya fezi ni marefu." Akauondoa mkono. "Eeh, bado nipo. Nawaambia hivi: ninyi mmeshika kila kitu, mnazima mnapotaka, hamtoi taarifa, na mtu hana mahali pengine pa kwenda. Mnadhani hali hiyo itaendelea mpaka lini?"

"Anajitaja huyo," alisema Mama Neema, bila kupunguza sauti.

Wakati huo mke wake aliingia getini na kapu, akitokea sokoni. Ni mama mtulivu, sijawahi kumsikia akitoa maoni kuhusu bwawa lolote. Alisikiliza kidogo yale yaliyokuwa yakiendelea, akamtazama mumewe, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, si umezima mwenyewe? Mimi nimekuacha umesimama juu ya kigoda unazima kwa ajili ya radi."

Akaingia ndani. Tukasikia kigoda kikiburutwa. Tukasikia tak. Friji ya Mama Neema ikaguna, taa ya oveni yangu ikawaka juu ya ile keki iliyozama, na redio ya sebuleni ikaanza katikati ya neno.

Nilimtazama mzee. Nilitaka sana kuona atafanya nini na uso wake. Alibaki na simu sikioni, kisha kifua kikajaa taratibu.

"Mmeona?" aliiambia simu. "Mpaka mtu apige ndiyo mnarudisha. Haya, asanteni." Binti wa upande wa pili, ambaye hakuwa amerudisha kitu, alimshukuru kwa uvumilivu wake.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Mikono yangu ilikuwa na unga mpaka viwikoni. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba naomba mita yangu, leo, na kama ni ndiyo aseme ndiyo. Mashine ya kusaga iliendelea kunguruma. Alinitazama kwa huruma ya kweli, nadhani, na hiyo ndiyo iliyonikasirisha zaidi.

"Suala lako lipo kwenye mchakato, binti yangu," alisema.

Keki ya mkaa ilikwenda Mutuka ikiwa na upande mmoja mweusi niliouficha kwa krimu. Baadaye yule mama wa kwao alinipigia kuagiza nyingine, akataka ileile yenye harufu kidogo ya moshi. Watu wakisifu kosa lako, unashindwa hata kulirekebisha. Mwezi ulipoisha nikahamia Bonga, kwenye chumba cha barabarani chenye mita yake mlangoni.

Mwaka huu, mchana mmoja, bajaji ilisimama mbele ya chumba hicho, ambacho sasa ni duka langu la keki, akashuka yule mzee. Koti lilelile, mwili mdogo ndani yake. Nilimpa shikamoo, akanipa marahaba yenye mkia. Sikujua nimkaribishe vipi, nikampa kiti karibu na mlango. Nilikuwa na keki kwenye oveni. Nilijikuta nimesimama kati yake na mita, kama anayeficha mtoto asionwe na wageni.

Aliiona. Akainuka, akaifuata, akaitazama mikono ikiwa nyuma.

"Wameifunga juu mno," alisema. "Mtoto hawezi kusoma."

Akaniambia habari za nyumbani. Mama Neema alishahama, ana mita yake kule karibu na stendi, na friji mbili. Kijana wa ofisini alihamishwa. Wapangaji wapya walikuja na masharti, wakataka kila mlango na mita yake, na yeye akaridhia.

Niliposikia hivyo damu ilinipanda. Wageni, watu asiowajua, waliomba wakapewa. "Umewapa," nilisema.

"Nimewapa. Vyumba vilikuwa vitupu." Alirudi kitini. "Siku hizi umeme upo tu. Wanaingia, wanafunga milango. Shikamoo wananipa wakitembea."

Ndipo umeme ukakatika. Niseme ukweli, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kwenda mlangoni kusikiliza kama kuna mashine ya kusaga inayonguruma. Palikuwa kimya barabara nzima. Vinyozi wa upande wa pili walishatoka nje na wateja walionyolewa nusu kichwa. Nikavuta jiko la mkaa, maana siku hizi huwa naliweka tayari. Mzee aliwahi kuniambia mkaa ni aibu ya taifa. Akachukua mfuniko wa boksi la keki akaanza kupepea, na akipepea akaanza: sehemu A, njia ya kutoka kusini, sehemu B, majirani. Vinyozi wakasogea kusikiliza. Hata mimi nilisikiliza, huku nahamishia keki kwenye sufuria, na sikumbuki lini nilimwona na afya kiasi kile.

Walipomcheka kidogo wakarudi zao, nilimuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo muda mrefu, na nilikuwa nimelipanga kwa namna nyingi nzuri, lakini lilitoka hivihivi.

"Baba, wale umewapa. Mimi ulininyima kwa nini?"

Aliendelea kupepea. 

"Wewe ulikuwa unakuja kila jioni kuuliza umeme," alisema. "Ungekuwa na mita yako, ungekuja kuuliza nini?"

Hapo umeme ukarudi. Aliitazama balbu kama mtu aliyekatizwa kikaoni, akaweka chini ule mfuniko, akapangusa majivu kwenye koti. Nilimkatia kipande cha keki ya jana. Alikila chote, akasema moto haukutosha, na ilikuwa kweli.

Bajaji ilipofika alisimama kizingitini akaangalia juu.

"Taa ya nje inawaka mchana," alisema. "Inamwangazia nani?"

Ni mita yangu, na ni mlango wangu. Nikaenda nikaizima.